Kilemba cha Jina

Niliposikia Mama Shija amefariki sikulia. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asinipe sifa nisizostahili. Nilikuwa nyumbani kwangu Mwanza nachambua mchele, simu ikaita, kijana nisiyemjua akaniambia kwamba bibi yake alilala jioni na asubuhi hakuamka, na kwamba wanazika Songwa, kule Kishapu, kesho kutwa. Nikampa pole, nikamuuliza saa, nikarudi kwenye mchele wangu. Mimi ni muuguzi niliyestaafu mapema. Nimewafumba macho watu wengi, na machozi yangu hayatoki ovyo. Lakini hiyo haikuwa sababu. Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nimemwekea mwanamke yule kinyongo. Hakikuwa kikubwa cha kugombana, kilikuwa kidogo tu, cha kumfanya mtu akawie kujibu salamu, na akipita Kishapu asishuke garini. Nilikwenda msibani kwa sababu ya adabu, nikiwa na kanga mpya na macho makavu.

Ndani ya basi mwanangu Makoye akanipigia. Makoye ana tovuti ambayo watu hutangazia vipuri vya magari vilivyotumika, na kila mwezi humpatia chochote. Sasa kuna mtu wa Dar es Salaam anataka kununua jina la tovuti ile. "Jina tu, mama! Hataki picha, hataki maandishi, hataki hata mimi. Na mimi sijui niseme shilingi ngapi. Jina linauzwaje?" Nikacheka mpaka jirani yangu wa kiti akanitazama, maana nilikuwa nimeshamwambia naenda msibani. Nikamjibu, "Kwanza jiulize, wewe ukinyamaza wiki nzima, watu wataendelea kuja au hawatakuja?" Akaniuliza, "Mama, haya mambo ya intaneti umeyajulia wapi?" Nikamwambia simu inakatakata, nikaizima. Sikutaka kueleza mbele ya basi zima kwamba niliwahi kuuza jina kabla yeye hajazaliwa, Nyasubi pale Kahama, na kwamba jina hilo ndilo lililonisomesha, na kwamba mpaka siku ile lilikuwa bado linaniuma.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kuongea. Mama Shija alikuwa na simu ya upepo, ile mashine ya redio inayotaka betri ya gari na waya mrefu juu ya mlingoti. Simu za mkononi zilikuwa bado hadithi, na simu ya waya ilikuwa ya posta na ya wakubwa. Ukiwa machimboni, huko Masumbwe au porini kuelekea Geita, na mtoto wako anaumwa mjini, au duara lako, yaani shimo la kuchimbia, limetema dhahabu na unamtaka mnunuzi, ulikwenda kwa mwenye mashine wa huko, ukamlipa, naye akaita Kahama. Na Kahama walimwita Mtungi. Mtungi ndio sisi. Kwenye kibali cha serikali tulikuwa herufi na tarakimu ambazo hata Mama Shija hakuzikariri. Jina lilitokana na mtungi wa maji ya kunywa uliokaa kibarazani na kata yake juu, maji ya bure kwa yeyote anayesubiri zamu, na Mama Shija aliujaza mwenyewe kila alfajiri kabla hajanawa uso.

Chumba chenyewe naweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Mlango wa bluu uliokwama kila masika. Meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi, uliowekewa kipande cha ndala. Mashine juu ya kitambaa cha kudarizi, betri mbili chini ya meza, harufu yao ya tindikali ikichanganyika na harufu ya karanga zinazokaangwa nyuma ya nyumba. Ukutani kulikuwa na kamba mbili za katani, na juu ya kamba, kwa vibanio vya nguo, tulitundika karatasi za ujumbe: huu wa Mama Kulwa, huu wa fundi saa, huu wa yeyote atakayekuwa anaelekea Bukombe. Wenyewe walikuja kuzichukua na kulipia, na wasiojua kusoma niliwasomea sikioni. Mchana tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, kwa maziwa ya mgando, au ugali wa mtama na mlenda. Mama Shija aliamini kwamba mtu anayeongea kutwa hapaswi kula pilipili, kwa hiyo mwaka mzima sikuionja. Leo nina friji inayotengeneza barafu yenyewe, na bado matobolwa ya kununua hayana ladha ile.

Ubaya wa simu ya upepo ni kwamba haina siri. Anayeongea Masumbwe anasikika Kahama, Geita, Runzewe, na kwa kila mwenye mashine kwenye masafa yale. Kwa hiyo watu waliongea kwa mafumbo. "Mwambie Mama Kulwa mtoto ameota meno," na hapo ujue duara limetema. "Ameota mangapi?" "Mawili, na la tatu linachungulia." Mnunuzi akipata ujumbe wa namna hiyo alifunga duka na kudandia gari la kwanza. Wengine kwao dhahabu ilikuwa ng'ombe aliyezaa, wengine ilikuwa mgeni aliyefika na zawadi. Kila kundi lilikuwa na fumbo lake, na baada ya miezi michache nilikuwa nimeyajua karibu yote, na sikumwambia mtu. Mama Shija alikuwa amenionya siku ya kwanza kabisa. "Nyamizi, hapa watu wanaleta maneno kama wanavyoleta maji. Ukivuja mara moja tu, wataenda kuyaweka kwingine." Kahama kulikuwa na mashine nyingine, na baadhi zilikuwa nzuri kuliko yetu. Watu waliita Mtungi.

Aliyeita mapema kuliko wote alikuwa Deo, mwenye mashine wa Masumbwe. Sikuwahi kumwona. Nilijua kicheko chake tu, na jogoo wa jirani yake aliyewika nyuma ya maneno yake. Saa moja kamili asubuhi mashine ilikwaruza, kisha: "Mtungi, Mtungi, hapa Masumbwe. Maji yapo? Ova." Nami nilijibu: "Yapo, ya baridi. Leta kata. Ova." Ilikuwa hivyo kila siku bila kukosa, na masafa yote yakisikiliza. Baadaye nilisikia kuna watu Geita walikuwa hawanywi chai mpaka wasikie tumeamkiana. Hakuwa mchumba wangu. Lakini nilichana nywele kila siku kabla ya saa moja, na nani angeniona? Mama Shija aliniona. Alipita na ndoo yake akasema, "Haya, jitie na wanja basi, Masumbwe wakuone vizuri," nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwezi wa nane ilifika barua. Nimechaguliwa chuo cha uuguzi, niripoti Januari nikiwa na ada. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaisukuma chini ya kitambaa cha mashine, maana ada ile nilikuwa siioni hata kwa mbali. Sikumwambia mtu. Mama Shija hakusoma sana, lakini mhuri aliujua. Siku moja wakati wa kula akaiweka barua mezani mbele yangu. "Karatasi hii inasemaje?" Nikamsomea. Akatafuna matobolwa mawili matatu polepole. "Na wewe unataka?" Nikasema nataka. "Basi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikujua kama ile "basi" ilikuwa ya kukubali au ya kufunga mdomo wangu. Wiki mbili baadaye Bwana Kanji akapiga hodi.

Bwana Kanji alikuwa na duka la vipuri na betri karibu na stendi, na malori mawili yaliyopeleka bidhaa machimboni. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na chupa ya chai ya maziwa aliyotembea nayo kila mahali, kana kwamba Kahama nzima hakuna anayejua kupika chai. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mama Shija kwa Kisukuma kizuri kuliko changu, naye akajibiwa, "Mwangaluka gete," akapewa kigoda. Alikuwa amenunua mashine mpya, amesimika mlingoti wa chuma, amepata kibali, na miezi sita alikuwa amekaa mbele yake kama mtu anayesubiri gari lililokwisha pita. "Hakuna anayeita," alituambia bila aibu. "Nimejiita Almasi. Jina zuri, au siyo? Nimepunguza bei nusu. Lakini mtu anapita mlangoni kwangu anakuja kupanga foleni kwenu. Mama Shija, mashine yako siitaki. Nitakupa kilemba cha jina." Kilemba tulikijua: ile fedha unayompa mtu ili akupishe kwenye duka lililozoewa na wateja, nje ya kodi. Lakini kilemba cha duka kinakupa mlango na sakafu, na mimi sikuelewa kilemba cha jina kitampa nini.

Jibu la Mama Shija lilinishangaza. "Mashine ni yangu, Bwana Kanji, na umeshasema huitaki. Jina lilikuwepo kabla yake, lakini limekuzwa na mdomo wa huyu. Fedha ya jina ni yake. Ongea naye." Nikaketishwa kuuza, mimi mtoto wa juzi. Nikataja bei palepale, nikiwa nimeipigia hesabu kwa mwezi wa saba, kulipozuka machimbo mapya na watu wakapanga foleni kwetu mpaka barabarani. Bwana Kanji akatabasamu, akajimiminia chai. "Binti, mwezi ule ulikuwa harusi. Huwezi kupima chakula cha nyumba kwa siku ya harusi. Nipe mwezi mbaya kuliko yote." Mwezi mbaya ulikuwa wa masika, maduara yamejaa maji na wachimbaji wamerudi kwao kulima. Tukachukua mbaya na wa kawaida, tukapata wa katikati. Kisha akaanza maswali ambayo sikuwa nimeyafikiria maishani. Nani analeta ujumbe mwingi kuliko wengine? Nikamtaja mnunuzi mmoja wa dhahabu. "Na huyo akihama?" Tukapunguza sehemu yake. Jina lina miaka mingapi? Saba. Linasikika hata mvua ikinyesha na mashine ikikwaruza? Hapo nilijivuna, maana ni fupi na halikufanana na jina la yeyote kwenye masafa. Kuna mwingine anayeweza kusimama akadai ni lake? Hakuna. Mwisho akaweka kalamu chini. "Jina la namna hii, likiwa linasimama lenyewe, mimi nalipa mapato ya miezi ishirini. Lakini kama watu wanaifuata sauti yako, nitakuwa nimenunua debe tupu. Wewe utaondoka nao."

Akapendekeza tulijaribu jina kwa wiki moja, Jumatatu hadi Jumamosi. Karani wake Rehema, msichana wa Tabora mwenye Kiswahili kilichonyooka, angekaa mbele ya mashine yetu na kujibu kama Mtungi. Mimi ningekaa chumbani nimwelekeze kwa mkono, nisitoe sauti hata ya kupiga chafya. Yeye Bwana Kanji angekaa na chupa yake asikilize. Kila mtu hewani atakayeuliza Nyamizi yuko wapi, au atakayekataa kuongea na mgeni, ataondoa mwezi mmoja kwenye bei. Ada yangu yote, pamoja na sare na godoro, ilikuwa miezi kumi na mitano. Wakiuliza watano, nasoma. Wakiuliza sita, sisomi. Mama Shija akasema tupeane mikono, ila tuanze Jumatatu ya wiki inayofuata, siyo hii inayokuja. "Ana nguo za kufua," akamwambia Bwana Kanji. Nilikuwa na magauni matatu, na yote yalikuwa safi.

Jumatatu hiyo Rehema alikaa kwenye kiti changu, nami nikakaa juu ya gunia la karanga. Saa moja kamili mashine ikakwaruza. "Mtungi, Mtungi, hapa Masumbwe. Maji yapo? Ova." Rehema akanitazama, akatazama karatasi niliyomwandikia. "Yapo, ya baridi. Leta kata. Ova." Pakapita kimya kirefu kidogo. Nikashika gunia kwa mikono miwili. Sikutaka aulize, kwa ajili ya ada, na wakati huohuo nilitaka aulize kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. "Sawasawa, Mtungi," akasema Deo. "Nina jumbe mbili. Wa kwanza ni wa Mama Kulwa. Ova." Basi. Ungedhani tangu dunia iumbwe Mtungi alikuwa Rehema.

Jumanne ikawa vilevile. Waliita Geita, waliita Runzewe, waliita watu ambao niliwasomea habari za talaka na za watoto kuzaliwa. Aliita mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amefukiwa na duara miezi michache nyuma, na mimi nilikaa naye hewani saa nzima nikimpokelea habari kutoka machimboni, wamefika mabegani, wamefika kiunoni, wamemtoa, anapumua. Hata yeye aliita Mtungi, akajibiwa na Rehema, akatoa ujumbe wake, akaaga. Kila jioni Bwana Kanji alisema, "Hakuna," kwa sauti ya mtu anayetazama kitu asichokiamini, na kule jikoni Mama Shija akapiga kigelegele. Kigelegele! Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. "Umefurahi kweli," nikamwambia. "Kwa nini nisifurahi? Miezi ishirini ni miezi ishirini." Nikamwambia hakuna anayenikumbuka, mwaka mzima wa kuongea na hakuna hata mmoja. Akaniongezea maziwa kwenye bakuli. "Kukumbukwa hakulipi ada, Nyamizi. Kunywa maziwa." Neno hilo ndilo nililolibeba. Nimelibeba wodini, nimelibeba kwenye ndoa, nimelibeba mpaka kustaafu.

Alhamisi aliita mtu aliyeazima mashine ya wenzake njiani, mnunuzi mmoja mlevi aliyewahi kunitukana kwa sababu nilikataa kumwambia ni duara la nani limetema. "We nani wewe? Yule dada mwenye kisirani yuko wapi leo?" Bwana Kanji akachora mstari mmoja kwenye daftari. Mwezi mmoja ukaondoka kwenye ada yangu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikatabasamu mpaka magego. Mtu niliyemdharau kuliko wote ndiye peke yake aliyeona kwamba sipo. Usiku nilijaribu kulala, nikajikuta namshukuru mlevi.

Jumamosi jioni mstari ulikuwa bado mmoja. Deo alikuwa ameaga kama kawaida, "Lala salama, Mtungi," na Rehema, maskini, alikuwa amemjibu vizuri tu. Bwana Kanji akaweka mezani mapato ya miezi kumi na tisa, yamefungwa kwa mpira. Aliniona uso. "Binti, usihuzunike," akasema. "Ungekuwa umelijenga vibaya, wangekuuliza. Umelijenga vizuri, ndiyo maana limesimama bila wewe." Alisema kwa wema, na hata leo naona alisema kweli kuhusu majina. Mimi nikamjibu, "Basi bora ningelijenga vibaya," nikatoka nje bila kuaga. Mama Shija aliomba radhi kwa niaba yangu, nikamsikia kupitia dirishani. Kisha nikamsikia anacheka.

Januari alinisindikiza stendi na mfuko wa matobolwa. Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka aliniambia, "Usiwe unarudirudi hapa. Hapa pamekwisha," nami nikalipokea neno hilo kama nilivyoyapokea mengine, kwamba nafukuzwa kwa upole. Mashine yake ya zamani aliiuza karibu na bei ya betri, akarudi Songwa kulima mtama. Hilo nililisikia kwa watu miaka miwili mitatu baadaye, na sikujiuliza mwanamke yule, aliyekuwa na foleni mlangoni kila siku, sasa anakula nini. Jina la Mtungi liliendelea hewani kwa Bwana Kanji miaka minne hivi, mpaka minara ya simu ilipofika na masafa yakabaki yanakwaruza peke yake. Mimi nikawa muuguzi. Kila nilipohamishwa nilifunga mizigo kwa saa moja na sikungoja chai ya kuagwa, kwa sababu niliamini wodi itaendelea Jumatatu kama kawaida, na haitauliza. Wenzangu walisema nina moyo mgumu. Nilikuwa nimeamua mapema kwamba watu hawaniulizi, na nikaishi kwa hilo.

Songwa nilikuta turubai limefungwa, wanaume upande mmoja, wanawake na masufuria upande wa pili. Nilikuwa nabishana na kijana aliyeweka pipa la maji ya kunawa mbali na wazee, unajua ugonjwa wa wauguzi, wakati mzee mmoja mwenye fimbo alipokuja taratibu akasimama mbele yangu. "Wewe ni Nyamizi," akasema. "Sauti haijazeeka." Nikamuuliza yeye ni nani. "Deo. Wa Masumbwe." Tukatazamana kwa mara ya kwanza maishani, wote wawili tukiwa na mvi. Tukaketi kwenye ukingo wa kibaraza. Nikamuuliza habari za wajukuu, akaniuliza za wangu, akanipa pole ya kufiwa na mume wangu, habari aliyokuwa ameisikia. Tulikwenda vizuri hivyo kwa adabu, na ningeweza kuliacha swali langu. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua kuliacha. "Wiki ile Rehema alipokaa," nikasema, "mbona hukuniuliza?"

Mwanzoni hakuelewa. Kisha uso wake ukabadilika, akageuka kutazama kule lilikokuwa kaburi jipya. "Hakukuambia?"

"Nani aniambie nini?"

"Mama Shija. Mpaka amekufa hakukuambia?" Akakohoa, akaweka fimbo chini. "Ile wiki ya kabla, konda wa basi aliniletea karatasi. Alimwandikisha mtoto wa shule, maana mwandiko ulikuwa wa mtoto. Ilisema, wiki ijayo atakaa msichana mwingine. Msimuulize Nyamizi. Atakayemuuliza anamnyima shule. Basi. Geita walipata karatasi, Runzewe walipata, kila mwenye mashine alipata. Kwa waliokuwa porini tulikwenda wenyewe, mimi nilikwenda kwa baiskeli siku mbili. Yule mlevi tu ndiye hatukumpata, alikuwa safarini."

Nikasema, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kilichonijia, "Basi tulimpunja Bwana Kanji."

"Labda," akasema Deo. "Lakini mbona jina lilimlipa. Tuliendelea kuita." Halafu akasema polepole, "Ile Jumatatu, msichana alipojibu, mimi nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Mke wangu alikuwepo, muulize. Nilikuwa nimekalia mikono kama mtoto, nisije nikabonyeza nikakuuliza."

Niliinuka nikavuka uwanja mpaka kwa wanawake, nikaomba kisu, nikapewa kisu na beseni la viazi. Nikiwa namenya ndipo nilipomsikia Mama Shija jikoni kwake anapiga kigelegele, kila jioni, siku tano, karatasi zake zimefika na watu wametii, na duka lake mwenyewe linakwisha mbele ya macho yake, na mimi nimenuna juu ya bakuli la maziwa. Angeweza kuniambia kwa neno moja. Ningejua, ningecheka, na sura yangu ingetusaliti kwa Bwana Kanji siku ileile. Na baadaye? Baadaye alipaswa kuniambia lini, wakati sikurudi? Nikalia kwa sauti mpaka beseni likachukuliwa mikononi mwangu. Mama mmoja wa makamo, mwenye uso wa marehemu kabisa, akaniinamia. "Pole, mama. Ulikuwa nani wake?"

"Alinisomesha," nikasema.

Akanishika bega, akasema hakujua, kwamba mama hakuwahi kumtaja mtu aliyemsomesha. Miaka karibu thelathini nilikuwa nimenung'unika kwamba watu walinisahau kwa wiki moja. Nilipita Kishapu mara ngapi, na basi likasimama mara ngapi, na sikumwuliza mtu hata mmoja Mama Shija yuko wapi.